Mfupa Husubiri, Nyama Haisubiri

Vijana wa chumba cha plasta mliniomba niandike kurasa chache kabla sijarudisha ufunguo wa kabati. Mlitaka nieleze nilivyopanda cheo hiki na kile, nimalizie kwa maneno ya kuwatia moyo. Vyeo vyangu vimo kwenye faili. Atakaye akavisome, asisahau kupangusa vumbi. Mimi nitaandika habari za mkono mmoja, mkono wa kulia wa mgema aliyeitwa Karisa. Mkono huo niliuharibu mimi.

Wapo watakaosema mambo ya miaka ya arubaini yaachwe huko huko, na kwamba mzee hapaswi kujivua nguo mbele ya wanawe. Mimi nitajivua. Asiyependa kutazama afunge daftari, lakini siku atakapomfunga mtu plasta ikamla, asiseme hakuambiwa.

Nilizaliwa Changamwe, na nilikuwa nimesoma sekondari miaka miwili, jambo ambalo enzi hizo lilimtosha kijana kutembea kifua mbele. Vita vilikuwa vimeshapamba moto nilipoajiriwa kuwa dresa, yaani mtu wa kusafisha vidonda na kufunga bendeji, katika hospitali ndogo upande wa Likoni. Ilikuwa vyumba vinne vya mabati na baraza moja. Daktari Mzungu alivuka kwa feri Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine zote hospitali ilikuwa mikononi mwa dresa mkuu, Mzee Mwachiro, mtu wa Kwale, mrefu, mkavu, aliyewahi kubeba machela katika vita vya kwanza akarudi na miwani ya mtu mwingine. Miwani ile ilimfaa kuliko yangu inavyonifaa leo.

Siku ya kwanza nilikwenda na kalamu mbili na daftari jipya. Mzee Mwachiro alinitazama, akanituma kwa muuza nyama nikalete mguu mzima wa mbuzi. Nilidhani ni chakula cha mchana. Niliporudi aliutandaza juu ya meza ya bati, akanipa kisu.

"Haya, msomi. Huu ni nini?"

"Mfupa."

"Na huu mweupe unaong'aa?"

"Mshipa."

"Huo si mshipa. Mshipa hupitisha damu. Huo ni ukano, ni kamba. Upande mmoja umeshika nyama, upande wa pili umeshika mfupa. Uvute."

Nikauvuta. Kwato ya mbuzi aliyekwisha kuchinjwa ikakunjika polepole kama mtu anayeitikia salamu. Niliruka nyuma. Mzee Mwachiro hakucheka. Alikuwa ameshawaona wengi wakiruka.

Kutwa nzima tuliufumua mguu ule. Alinionyesha mahali mifupa miwili inapokutana, ilivyovishwa gegedu laini kama upande wa ndani wa kifuu cha dafu, na ute unaoteleza katikati yake. Aliniambia kiwiko ni bawaba ya mlango, hufunguka na kufungwa upande mmoja tu. Nyonga ni mchi ndani ya kinu kifupi, huzunguka kotekote. "Muumba aliupaka mlango mafuta kabla hajautia," alisema, "lakini mlango usiofunguliwa hukwama, hata uwe umepakwa mafuta na nani." Kisha akaniambia nikunje mkono wangu mwenyewe, nishike nyama ya juu kwa mkono wa pili.

"Imefanya nini hiyo nyama?"

"Imesukuma mkono juu."

Alinipiga kwenye vidole kwa ubavu wa mbuzi. "Imevuta! Nyama haijui kusukuma. Yajua kuvuta na kuachia, basi. Ndiyo maana kila nyama ina mwenzake upande wa pili wa kumrudisha. Mmoja akivuta, mwenzake alegee. Wakivuta wote wawili, mkono hauendi popote, kama baraza la wazee."

Halafu akanikamata kigasha, ile sehemu baina ya kiwiko na kifundo cha mkono, akaniambia nifunge na kufungua ngumi. Nyama zikachezacheza chini ya vidole vyake. Alisema nyama kubwa zinazofunga ngumi haziko vidoleni. Zinakaa kwenye kigasha, na kamba zake hupita kifundoni kama kamba ya ndoo ipitavyo kwenye gurudumu la kisima. Niliandika maneno hayo kwa hati nzuri sana. Kuandika kulikuwa rahisi. Kuyafahamu kulinichukua miaka mitatu na mkono wa mtu.

Plasta nayo nilijifunza kwake. Nyinyi leo mnafungua pakiti. Sisi tulikuwa tukipepeta unga mweupe juu ya vipande vya shashi, kitambaa chepesi cha matundu, tukausugua kwa viganja mpaka uingie kila tundu, tukavikunja na kuvifungia ndani ya debe la biskuti pamoja na makaa, maana hewa ya Likoni ina maji, na unga uliolowa hewa haugandi. Ulioharibika tuliukausha kwenye kikaango juu ya seredani ya mkaa, na mara nyingi wagonjwa waliuliza tunapika nini. Tulijua kwamba maji ya moto huharakisha kuganda, na chumvi kidogo vilevile, na kwamba bendeji haitolewi majini mpaka povu likome. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nafunga plasta laini kama kaure. Watu walinisifu. Hapo ndipo penye ugonjwa wangu.

Mzee Mwachiro hakusifu. Kila nilipomaliza kufunga alisema neno lile lile: "Sasa mwulize kidole, usimwulize mtu. Mtu atakwambia ahsante. Kidole hakina adabu."

Kumwuliza kidole ni hivi. Unabonyeza ukucha mpaka ugeuke mweupe, unauachia, unatazama kama wekundu unarudi upesi. Unagusa ncha, unauliza kama ameguswa. Kisha unakinyoosha kidole pole pole. Mgonjwa akipiga kelele kwa kunyooshewa kidole ambacho hakikuvunjika, shika mkasi, upasue plasta yote kutoka juu hadi chini, usingoje ruhusa ya mtu. "Mfupa husubiri," alisema. "Ukikaa vibaya, mwezi ujao utauvunja na kuupanga upya. Nyama haisubiri. Ikikosa damu tangu asubuhi, jioni huna la kuifanyia."

Mwaka wa tatu Mzee Mwachiro alipewa ruhusa kwenda Kwale kumzika nduguye. Nikabaki mimi, mfagizi, na kaure zangu.

Jumatano asubuhi akaingia Karisa. Alikuwa mtu wa bara ya Kaloleni, Mkristo, aliyehamia mtaa wa Shika Adabu kugema minazi ya watu. Alikuja kwa miguu, ameushika mkono wa kulia kama anayebeba mtoto wa mwenzake, na kotama, kile kisu chembamba cha mgema, bado kimechomekwa kiunoni.

"Mnazi umekuangusha?" nikamwuliza.

"La, bwana. Mnazi haukunisukuma. Nimeshuka bila ruhusa."

Mifupa yote miwili ya kigasha ilikuwa imekatika. Mfagizi alishika juu ya kiwiko, mimi nikavuta kiganja, na tulipoiweka kwenye mstari niliisikia ikikaa. Niliipanga vizuri, na hilo sitamwachia mtu. Kisha nikamfunga plasta kutoka juu ya kiwiko mpaka kwenye vifundo vya vidole, duara zima, imembana sawasawa, nikaipapasa mpaka ikang'aa. Nilisahau jambo moja ambalo mtoto wa mwaka wa kwanza analijua: mkono uliovunjika asubuhi haujamaliza kuvimba. Ndani ya plasta ya duara uvimbe hauna pa kwenda. Hurudi ndani, ukaifinya nyama mpaka damu isipite.

Saa tisa na nusu alirudi. Nilikuwa nimeshavua koti jeupe. Nilikuwa na mechi ya mpira Changamwe, na feri haimsubiri dresa.

"Bwana Dresa, hivi vidole si vyangu."

"Ni vya nani?"

"Sijui. Lakini vinachoma kama vimeingia siafu, na nikivigusa sivisikii."

"Plasta hubana. Ndiyo kazi yake."

"Nami nakwambia inanila."

"Mgema mzima, wapanda mnazi bila ngazi, waogopa unga uliokauka?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Karisa naye akajaribu kucheka, na uso wake sijausahau. Nilimpa vidonge viwili vya aspirini. Sikubonyeza ukucha. Sikunyoosha kidole. Ingenichukua muda mfupi kuliko niliotumia kufunga kamba za viatu. Niliiwahi feri. Tulifungwa mabao matatu.

Alhamisi saa nne Daktari alikuwepo. Akaingia Karisa amefungwa mkono kwa kanga, na nyuma yake mama mmoja mfupi, mnene, amebeba kikapu. Huyo alikuwa Bi Mejumaa, muunga mifupa wa Shika Adabu, Mdigo, ambaye jina lake nililisikia tangu siku ya kwanza na kulicheka. Alijulikana kwa kuku wake. Akiletewa mtu aliyevunjika, alimfunga fito za mwanzi zilizosukwa kama mkeka, kisha akamvunja jogoo mguu pale pale, akaufunga vile vile. Siku jogoo akikanyaga bila kuchechemea, na mgonjwa hufunguliwa. Sisi wasomi tulikuwa tukiigiza jogoo yule barazani.

Bi Mejumaa alipakua kikapu juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya plasta yangu, vimekatwa vizuri pande zote mbili.

"Mwanangu," aliniambia, "nimekuja kukurudishia chombo chako."

Karisa alikuwa amemwendea alfajiri akilia. Aliilainisha plasta kwa siki na maji moto, akaikata kwa kotama ya Karisa mwenyewe. Nilifunua kanga. Kigasha kilikuwa kigumu kama ubao, kina malengelenge, na vidole vya samawati vimejikunja. Niligusa kidole cha kati, nikajaribu kukinyoosha. Karisa alipiga yowe. Kidole kilikuwa kimejibu, ila niliuliza nikiwa nimechelewa siku moja.

Daktari alitoka chumbani kwake, akauona mkono, akaviona vipande vya plasta, akamwona mama wa Kidigo. Kwake hesabu ilikamilika. Akaniita nishike kalamu, kwa kuwa hati yake haikusomeka hata naye mwenyewe. Alitamka kwa Kiingereza, nami nikaandika: plasta imeondolewa na mwanamke mganga, mkono umepotea kwa sababu hiyo. Niliandika kila neno kwa ile hati yangu nzuri.

"Asemaje?" akaniuliza Bi Mejumaa.

Nilikuwa na lugha mbili kichwani na kinywa kimoja. Nikamwambia, "Asema mkono umecheleweshwa."

"Na nani?"

Nilijifanya natafuta wino.

Haikupita wiki askari wawili walitumwa Shika Adabu. Walimkataza Bi Mejumaa asimguse tena mtu aliyevunjika, wakazichoma fito zake za mwanzi uani kwake, nyingine alizoachiwa na mama yake. Nilizisikia habari hizo nikiwa napepeta unga, nikaendelea kupepeta.

Mfupa wa Karisa uliunga ndani ya vibao tulivyomfunga hospitalini. Wiki zilipotimia ulikuwa umenyooka kama haujapata kuvunjika. Lakini zile nyama za ndani ya kigasha, zinazofunga ngumi, zilikuwa zimekufa, na nyama ikifa hugeuka ukambaa, hunywea na kuvuta. Vidole vilijikunja kama kucha za ndege, visifunguke. Daktari alivitazama, akasema kwa Kiswahili chake: "Mkono kwisha. Wewe nenda nyumbani, tafuta kazi ingine." Karisa akauliza ni kazi gani, lakini Daktari alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine.

Mzee Mwachiro alikuwa amerudi. Alisoma faili lote, akavua miwani.

"Ulimwuliza kidole?"

"Sikumwuliza."

Aliipangusa miwani muda mrefu. Laiti angalinitukana. "Saa za kazi ni za serikali," alisema mwishowe. "Baada ya saa kumi miguu ni yako. Shika Adabu si mbali."

Sikwenda siku ile wala siku iliyofuata. Nilikwenda siku ya nne, na nusu ya njia nilitamani mvua inyeshe nipate sababu ya kurudi.

Nilimkuta Bi Mejumaa uani akinyonyoa kuku wa mchuzi. Karisa alikuwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, mkono umelowa mafuta ya nazi. Jogoo mmoja alikuwa akitembea huku na huko kwa maringo. Huyo hakuwa wa mchuzi. Alivunjwa mguu siku ile ile plasta yangu ilipokatwa, na alikuwa ameshapona zamani. Nilimtazama nikaelewa kilichokuwa kikinichekesha. Jogoo yule alikuwa kalenda. Mguu wake huunga upesi, na kwa kumfuata yeye Bi Mejumaa alimfungua mtu mapema, akaanza kuvichezesha viungo vingali na ute, wakati sisi tulikuwa tukiwaacha watu ndani ya plasta mpaka magoti yakashika kutu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuchoma na kuku?"

"Dresa asiniguse," akasema Karisa. "Asogee huko, asimame karibu na choo."

Nikasimama karibu na choo. Sikuwa na haki ya kuchagua mahali.

Bi Mejumaa alikata mguu wa kuku wake, akautafuta ule ukano mweupe, akauvuta kwa kucha. Vidole vya kuku vikafumba. "Waona, Karisa? Huyu kafa, lakini kamba yake haijafa. Yashika ukiivuta. Mkono wako hauna mvutaji, lakini kamba unazo. Ninalotafuta mimi ni wa kuzivuta, na sijampata."

Nami pale chooni nikaisikia sauti ya Mzee Mwachiro: kamba ya ndoo, gurudumu la kisima. Kamba zile hupita kifundoni kabla hazijafika vidoleni. Zikiwa zimefupika, basi kifundo chenyewe kinaweza kuwa mvutaji, na nyama za upande wa nyuma wa mkono, zinazokiinua kifundo, zilikuwa hai.

"Karisa," nikasema, "kiinamishe kifundo. Kiganja kitazame chini."

"Siamrishwi nawe."

"Basi fanya kwa kunitukana. Kiinamishe."

Akanitukana, tusi refu la Kigiriama ambalo sikulifahamu lote, akakiinamisha kifundo. Vidole vikafunguka. Havikufunguka vyote sawa, lakini vilifunguka.

"Sasa kiinue."

Akakiinua. Vidole vikafumba, polepole, vikabana. Bi Mejumaa akachomeka mpini wa mchi mdogo kwenye kiganja kile, akavuta. Haukutoka.

"Ebu tena," akasema Karisa. Hakuwa akisema na sisi.

Miezi saba nilivuka barabara ile baada ya saa kumi. Mpira niliuacha. Bi Mejumaa alikatazwa kuwagusa watu, akamgusa Karisa kila siku, tena mlango wazi. Mimi niliajiriwa na waliomkataza, nikawa nampashia mafuta moto. Tuligombana mara moja tu. Alitaka kuvinyoosha vidole mpaka mwisho, kama alivyozoea. Nikamwambia la, tukizirefusha kamba, kifundo kitakosa cha kuvuta na kushika kutatoweka. Tuzilegeze kiasi cha kufunguka, tuziache fupi. Alifikiri, akakijaribu kifundo juu na chini, juu na chini.

"Kumbe hukusoma bure," akasema. "Ulisoma ukachelewa."

Msidhani mkono ulipona. Haukupona. Ncha za vidole hazikusikia moto tena. Mara moja Karisa aliungua kwenye jiko la mkewe na aliyegundua ni mtoto, kwa harufu. Kufunga kifungo cha shati hakuweza mpaka mwisho. Huo ndio mkono niliompa.

Lakini Jumapili moja alituma watu waniite. Nilipofika Shika Adabu nilikuta nusu ya mtaa chini ya mnazi ule ule uliomwangusha. Bi Mejumaa alikuwa ameletewa kiti. Karisa alikuwa amefunga shuka kiunoni, kotama mahali pake.

"Dresa, njoo usimame hapa. Hapo, chini kabisa."

"Kwa nini hapa?"

"Safari hii nikishuka bila ruhusa, utanipokea wewe."

Watu wakacheka, mimi sikucheka. Alitia mguu kwenye kipandio cha kwanza kilichochongwa kwenye shina. Nilimtazama kwa macho ya Mzee Mwachiro: goti linakunjwa, paja linavuta, goti linanyooka, nyonga inamwinua mtu mzima. Mkono wa kushoto unakumbatia. Kisha wa kulia unakwenda juu, kifundo kinainama, vidole vinafunguka, vinagusa ukingo wa kipandio. Kifundo kinainuka, vidole vinauma. Alikuwa mzito kuliko zamani. Katikati alisimama, nikaona kigasha kikitetemeka, nikajua nyama ya nyuma inachoka, na ikichoka hiyo hakuna ya pili. Mkewe aliita jina lake mara moja tu. Karisa akauhamisha uzito kwenye mguu wa kushoto, akapumzika, akaendelea. Alipofika kileleni alikata dafu moja kwa mkono wa kushoto na kuliangusha. Lilianguka karibu na viatu vyangu, karibu kuliko ilivyohitajika.

Aliposhuka alikuwa anatweta. Alininyooshea mkono wa kulia, nami nikampa wangu, nikidhani ni salamu. Aliinua kifundo. Vidole vikanibana, baridi na vigumu kama mizizi, na kila alivyokiinua vikazidi.

"Sema," akaniambia.

"Niseme nini?"

"Wajua. Hapa wote wadhani mkono huu aliuharibu Bi Mejumaa. Hata watoto wamsema. Sema, au twende nawe hivi hivi mpaka feri."

Nilijaribu kutoa mkono. Nilikuwa nimezifupisha kamba zile mimi mwenyewe, kwa makosa kwanza na kwa makusudi baadaye, na zilishika.

Nikasema. "Plasta niliifunga mimi. Ilimbana. Alikuja kuniambia, nikamcheka, nikaenda kucheza mpira. Bi Mejumaa alipoikata aliokoa kilichobaki. Daktari alitamka uongo na mimi nikauandika, na Bi Mejumaa alipouliza asemaje, nikamficha."

"Kwa nguvu," alisema Karisa. "Bi Mejumaa sikio lake la kushoto bovu."

Nikarudia kwa nguvu, mpaka walio nyuma wakasikia. Bi Mejumaa hakunyanyuka kitini.

"Nimesikia," akasema. "Lakini fito zangu hawakuzichoma hawa. Kaliseme neno hilo huko hospitali."

Karisa akainamisha kifundo cha mkono. Vidole vikafunguka, akaniachia.

Jumatatu niliingia chumbani kwa Daktari bila kuitwa, faili la Karisa mkononi.

"Nataka nini wewe?"

"Kusahihisha, bwana."

Nikamweleza kwa Kiingereza, nikiwa nimesimama, tangu saa tisa na nusu ile ya aspirini. Akawa mwekundu. "Hapana sema sasa. Faili nafungwa, maneno kwisha."

"Maneno haya ni hati yangu, bwana," nikasema. "Niliyaandika mimi, nitayasahihisha mimi." Nikalifungua juu ya meza yake, na kwa wino wake, chini ya mistari ile, nikaandika ukweli kwa mistari saba na kutia jina langu lote. Alipiga kelele za kumwita Mzee Mwachiro anitoe. Mzee Mwachiro akaja, akavaa miwani, akaisoma mistari saba mpaka mwisho, akachukua kalamu hiyo hiyo na kutia sahihi yake pembeni kama shahidi. Kisha akanitoa, kama alivyoamriwa.

Hakuna karatasi iliyotolewa ya kumruhusu Bi Mejumaa kurudi kazini. Alikwenda mwenyewe kukata mwanzi, akasuka fito mpya barazani, mchana, na mmoja wa wale askari alipovunjika mguu alijua pa kwenda. Mimi nilihamishiwa zahanati moja ya Magongo, nikatumbue majipu. Lakini Magongo nako watu huvunjika, ikabidi wanipe debe la unga.

Nikaanza kazi kwa namna yangu. Kila mkono uliovunjika siku hiyo niliufunga plasta, nikangoja igande, nikaipasua yote juu hadi chini, nikaizungushia bendeji laini ili uvimbe upate pa kwenda. Wagonjwa walidhani nina wazimu: nafunga, nasifia, nakata. Kisha kila mmoja alikaa kwenye benchi akivichezesha vidole mpaka niridhike, hata kama basi lake limeondoka. Nikaandikiwa barua kwamba naharibu plasta ya serikali. Nikaisoma, nikaendelea kukata. Ikaja ya pili, kali zaidi, kwamba dresa hana mamlaka ya kubadili kazi ya madaktari. Hiyo niliipigilia msumari ukutani juu ya mkasi, wagonjwa waone mkasi unafanya nini.

Ya tatu ililetwa na tarishi mwenyewe, ametumwa nitie sahihi mbele yake kwamba sitakata tena. Alinikuta na kuli mmoja wa Changamwe, mkono umevunjika, plasta ndiyo kwanza imeganda. Nikamwambia tarishi aisome kwa sauti au aiweke juu ya debe, shauri lake. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini, na kidole kilikuwa hakijajibu.